Sanaa ya Uhalisia Pepe na Suala la Mtazamaji: Sudan Kusini katika Filamu ya The Displaced

Novemba 2015 gazeti la The New York Times liliwagawia wasomaji wake wa Marekani zaidi ya miwani milioni moja ya kadibodi iliyobuniwa na Google. Mtu hutia simu ndani ya miwani hiyo, akaona picha inayomzunguka pande zote. Filamu iliyofungua mradi huo, The Displaced, ya Imraan Ismail na Ben C. Solomon, inawafuata watoto watatu waliong'olewa makwao na vita: msichana wa Syria aliyekimbilia Lebanon, mvulana wa Ukraine, na mvulana wa miaka 9 wa Sudan Kusini. Kwa hiyo, nchi ambayo vita vyake vilizuka Juba Desemba 2013 ikawa miongoni mwa sura za kwanza ambazo umma mkubwa ulizikuta katika sanaa hii. Wenye sura hizo hawakuwa miongoni mwa waliogawiwa miwani.

Yafaa kutenganisha istilahi. Uhalisia pepe humtenga mtazamaji na mazingira yake na kumtia katika ulimwengu mwingine. Uhalisia ongezwa huyaacha mazingira yalivyo, ukapachika picha au sauti juu yake kupitia kamera ya simu. Uhalisia mseto huviwezesha vitu hivyo vya kubuni kuuitikia mahali vilipo, kama kikombe pepe kinachokaa juu ya meza ya kweli. The Displaced imo katika aina ya kwanza, tena katika umbo lake jepesi: mtazamaji hugeuza kichwa apendavyo, lakini hawezi kupiga hata hatua moja.

Uhuru huo wa kugeuza kichwa una gharama isiyoonekana. Kamera hupiga pande zote kwa wakati mmoja, kisha picha huunganishwa kwa kompyuta. Mpigapicha hana pa kusimama. Ama hujificha, ama hufutwa baadaye. Mvulana anaonekana mtumbwini katikati ya mabwawa; umati unasubiri chakula kinachodondoshwa na ndege; na mtazamaji huhisi kwamba hakuna mgeni mwingine pale ila yeye. Upweke huo umetengenezwa. Msomaji wa picha ya kawaida ya gazetini hukumbuka walau kwamba kuna mtu aliyeshika kamera, ilhali hapa hata kumbukumbu hiyo huondolewa. Chris Milk, ambaye kampuni yake ilishiriki kuitengeneza filamu hiyo, alikuwa ameuita uhalisia pepe, mwaka huohuo wa 2015, mashine ya kuamsha hisia za kuwaelewa wengine. Dai hilo si la kubezwa, lakini linamhusu anayetazama tu, naye anaweza kuivua miwani wakati wowote.

Kwa washauri wa sera, suala zito zaidi ni ridhaa. Mtu asiyewahi kuvaa miwani hiyo hawezi kujua anakubali nini anapoambiwa kwamba atapigwa picha. Hajui kwamba ua wake wote, pamoja na jirani aliyepita nyuma, utabaki ndani ya picha. Ridhaa ya aina hiyo ingepaswa kuombwa baada ya mhusika kuonyeshwa mfano, kwa lugha yake.

Juba yenyewe haikosi wasanii. Kundi la Ana Taban, ambalo jina lake maana yake ni "nimechoka" kwa Kiarabu cha Juba, lilianzishwa mwaka 2016 na kutumia muziki, michoro ya ukutani na maigizo ya mitaani kudai amani. Katika mji ambao umeme wa uhakika ni anasa, uhalisia ongezwa unaopachika sauti za wakazi juu ya mchoro wa ukutani, kwa simu ya kawaida na bila intaneti ya kudumu, una nafasi kubwa kuliko miwani ya bei ghali. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambayo makabrasha yake yaliwahi kuwekwa hemani mjini humo kabla ya kazi ya kuyanakili kidijitali, ingefaa kupokea nakala ya kila filamu ya namna hii inayopigwa nchini. Sharti hilo laweza kuandikwa katika kibali cha kupiga picha, kabla kamera haijashushwa uwanjani.