Kwa Nini Betri ya Tela Haijai?

Gari limekokota tela kutoka Lindi hadi Milola. Jioni betri iliyomo telani, inayotegemewa kuendesha friji ya chanjo, haina nguvu. Fundi anapima plagi ya tela, anapata volti 14, naye anailaumu betri. Amekosea.

Kipimo hicho kilichukuliwa betri ikiwa imefunguliwa. Pasipo mkondo, waya haupotezi volti hata kidogo, uwe mwembamba namna gani. Hebu tufanye hesabu. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, una ukinzani wa omu 0.14 hivi. Mkondo wa ampea 10 ukipita humo, volti 1.4 hupotea njiani. Zile 14 hubaki 12.6. Betri iliyojaa huwa na takriban volti 12.7 hata ikiwa imepumzika! Kwa hiyo kadiri betri inavyojaa, ndivyo mkondo unavyofifia, na safari huisha kabla ya kazi. Waya wa milimita 6 za mraba ungepoteza volti 0.35 tu.

Wengine hurudisha mkondo kupitia chuma cha ndoano ya kukokotea. Katika pwani yetu, yenye hewa ya chumvi na kutu, hilo si la kutegemewa. Fungeni waya wa pili.

Kisha pimeni upya, injini ikiwaka na betri ikichajiwa: ncha moja ya kipimavolti kwenye chanya ya betri ya gari, nyingine kwenye chanya ya betri ya tela. Kinachosomeka ndicho kinachopotea upande huo. Rudieni upande wa hasi.