Usiku wa Taarabu

Wasikilizaji wangu, wako watu waingiao penye taarabu wakaketi, kisha wakaudhika kwa kuwa robo saa nzima yapita na wanamuziki hawajaanza wimbo. Wanalinganisha nyuzi tu. Leo nataka kuwaeleza habari za robo saa hiyo, maana mimi mwenyewe niliwahi kuidharau.

Neno taarabu asili yake ni Kiarabu, nalo lahusu moyo kutekwa na sauti. Husimuliwa ya kuwa Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa Unguja wakaunda chama chao, Ikhwani Safaa.

Basi na tuitazame hiyo kanuni. Ni sanduku bapa lenye nyuzi zaidi ya 70, na kila nyuzi tatu hutoa sauti moja. Mpigaji huiweka mapajani, huvaa pete katika vidole vyake vya shahada, na kwa kijiti chembamba kilichobanwa na pete hudonoa nyuzi. Upande wa kushoto mna vyuma vidogo vya kuinua na kulaza, navyo huipandisha au kuishusha sauti kwa kiasi kidogo mno, kisichopatikana katika kinanda cha kanisani. Hapo ndipo nilipokosea. Mimi nilifundishwa kuimba kwa do, re, mi. Niliposikia sauti iliyo chini kidogo ya mi, nikawaambia wanafunzi wangu ya kuwa mwimbaji amepotoka. Kumbe hakupotoka hata kidogo. Ndiyo njia yenyewe.

Nyuzi tatu zisipolingana, sikio huumia. Tena unyevu wa pwani hauachi mti wala uzi katika hali yake. Ndiyo sababu ya ile robo saa. Udi na fidla hulinganishwa na kanuni, na ngozi ya dumbaki hupashwa moto.

Hutangulia bashrafu, isiyo na maneno. Ndipo mwimbaji ashikapo ubeti, waitikiaji wakapokea, fidla zikamjibu. Bibi mmoja huinuka kwa madaha, noti mkononi, kwenda kumtunza. Na pengine ubeti aliouchagua una jambo na mtu aliyeketi safu ya tatu. Hayo siyaelezi.

Tangu miaka ya 1980 vikundi vingi vilianza kutumia vinanda vya umeme. Watu hucheza na kufurahi, nami siwalaumu. Lakini kinanda cha kawaida hakina sauti ile ya katikati, na mwimbaji akikizoea, koo lake huisahau. Kujifunza kanuni ni kazi ya miaka mingi, na wapigaji ni wachache. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kimewafundisha vijana, wasichana kwa wavulana.

Ukienda, fika mapema, nyuzi zikiwa bado zalinganishwa, ukaketi upande wa kanuni.