Ini Lina Mafuta, Moyo Una Uzito

Pemba ukisema fulani ana maradhi ya ini, swali la kwanza barazani linajulikana: "Kwani anakunywa yule?" Katika kisiwa cha watu zaidi ya 540,000 kwa sensa ya 2022, karibu wote Waislamu, tuhuma ya ulevi si jambo dogo. Humfuata mtu mpaka msikitini, na ikapenya hata kwenye posa ya binti yake. Akinusurika na pombe, atashukiwa homa ya ini, na hapo wapo watakaoogopa kula naye sinia moja. Mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine tangu azaliwe hajaonja tembo hata tone, hurudi na karatasi ya ultrasaundi, akaikunja, akaisukumiza chini ya godoro na kunyamaza.

Kimya hicho nacho ni sehemu ya ugonjwa, na matibabu yetu bado hayakihesabu.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Mafuta kidogo ndani yake si neno, lakini yakizidi kiasi cha asilimia 5, madaktari huhesabu kuwa ini limeingia mafuta. Pombe huweza kulifikisha huko, lakini wengi mno hufikishwa na kitambi, kisukari na mafuta yaliyozidi katika damu. Inakadiriwa kuwa duniani watu wazima watatu katika kila kumi wanalo. Makadirio yanaiweka Afrika chini na Mashariki ya Kati juu, na Mpemba, mwenye shangazi Muscat na binamu Dubai, ana mguu mmoja kila upande. Ugonjwa wenyewe kwa miaka mingi hauumi. Wengi hugundua kwa bahati, wamekwenda kupimwa jambo jingine. Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini vililibadilisha rasmi jina lake la kitaalamu, na moja ya sababu ilikuwa kwamba jina la zamani, lililotaja pombe na mafuta, liliwatia wagonjwa haya. Kumbe haya ya barazani kwetu iko na huko kwa wenzetu.

Tulifikaje hapa? Mzee wa zamani wa Micheweni alikula muhogo, samaki na mkate wa mofa, lakini pia alipanda mkarafuu alfajiri, akashuka, akabeba gunia. Leo wali wa nazi umebaki palepale sahanini, umeongezewa soda, na safari ya dukani ni bodaboda. Chai ya asubuhi ina vijiko vitatu vya sukari na vitumbua viwili vya kusindikizia. Halua ya Wete sitaisema vibaya, nami naipenda. Ila zamani ilikuwa ya Idi na ya wageni. Kwa Tanzania nzima, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Na kwetu mke akinenepa, mume husifiwa kwamba anamtunza. Nani basi atamwambia apunguze?

Sasa upande wa nafsi. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona kwamba wenye ini la mafuta huugua sonona na wasiwasi zaidi kuliko wasio nalo, na kwamba wenye sonona nao hupata ini la mafuta zaidi. Hakuna aliyethibitisha kwamba mafuta ya ini peke yake ndiyo yanayoleta huzuni. Njia zinazounganisha mambo haya mawili, hata hivyo, zinaeleweka. Ini lililojaa mafuta huchangia uvimbe wa chinichini mwili mzima, na kemikali za uvimbe huo huugusa ubongo: usingizi huharibika, hamu hupotea, mwili huchoka bila kazi. Insulini nayo hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Upande wa pili, mtu aliyezongwa na mawazo hulala vibaya, hatoki, hula vitamu ili apate afueni ya saa moja, na homoni ya kotisoli inapokaa juu muda mrefu humrundikia mafuta tumboni. Kila upande unaulisha mwenzake. Kumwambia mtu wa namna hii "fanya mazoezi" halafu ukamwita mgonjwa anayefuata ni kazi bure. Angekuwa na nguvu ya kufanya mazoezi asingekuwa pale.

Kuna na suala la dawa, ambalo halisemwi vya kutosha. Baadhi ya dawa za akili hunenepesha. Olanzapini na klozapini zinajulikana sana kwa hilo, sodiamu valproeti ya kifafa nayo imo, na amitriptilini huongeza hamu ya kula. Dawa hizi zinaokoa maisha, na asizikatishe mtu kwa kusoma gazeti. Lakini anayezitumia anastahili mizani, kipimo cha kiuno, sukari na mafuta ya damu, tangu siku ya kwanza na kila baada ya muda. Hospitali ya akili ya Zanzibar, Kidongo Chekundu, iko Unguja, ng'ambo ya bahari. Mgonjwa wa Pemba aliyerudishwa kwao na mfuko wa dawa anawategemea watu wa nyumbani na kituo cha afya cha karibu. Hapo ndipo mizani inapotakiwa iwepo.

Nimeliweka mwisho lililo zito zaidi. Wengi wenye ini la mafuta hawafiki huko, ila wachache ini lao hupata makovu, likakakamaa na kusinyaa. Ini hilo haliwezi tena kuisafisha damu. Amonia, sumu inayotoka matumboni chakula kinaposagwa, kwa kawaida hugeuzwa na ini ikatolewa kwa mkojo. Ini likishindwa, sumu hupanda kichwani. Mgonjwa huanza kulala mchana na kukesha usiku. Husahau. Mtu mpole huwa mkali, mwenye haya huvua nguo mbele za watu, mikono hupigapiga akiinyoosha. Mwisho huzimia.

Haya yakitokea Pemba, watu wataona nini? Watasema kapagawa. Sifa ya uganga ya kisiwa hiki ni ya zamani. Evelyn Waugh, mwandishi Mwingereza, katika kitabu chake cha safari cha 1931 aliieleza Pemba kama makao ya elimu ya uchawi yanayofuatwa na wanafunzi wa mbali. Kisomo na kombe vina nafasi yake, na familia nyingi hupata humo utulivu ambao wodi haiutoi. Shida ni saa zinazopotea. Hali hii mara nyingi huchochewa na kitu kinachotibika: kufunga choo, maambukizi, kutokwa damu tumboni. Dawa yake kuu ya awali ni sharubati iitwayo laktulozi, inayolainisha choo na kuitoa amonia. Mtu anayesemekana ana jini la kurithi huweza kuamka akajua jina lake. Akicheleweshwa, hufa.

Na dawa za miti "za kusafisha ini"? Baadhi ya mitishamba huliumiza ini hilohilo. Usizinywe bila daktari kujua.

Kwa aliye mwanzoni, habari ni nzuri. Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini, na asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe wake. Kwa bibi wa kilo 80, tunazungumzia kilo 4 hadi 8. Dawa ya kwanza mahsusi kwa ini la mafuta lililoanza makovu iliidhinishwa Marekani Machi 2024, lakini si ya kuisubiri dukani Chake Chake. Funga ya Jumatatu na Alhamisi, kwa anayeiweza, huenda ikasaidia, ilimradi futari isiwe sinia la vya kukaanga. Anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari kwanza.

Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, na nyingine za kisiwa, zinaweza kuanza na jambo lisilo na gharama. Kila anayeambiwa ini lake lina mafuta aulizwe maswali mawili: wiki mbili hizi umekosa raha na vitu ulivyokuwa ukivipenda? Umejihisi mnyonge au kukata tamaa? Akijibu ndiyo, asirudishwe nyumbani na karatasi tupu.

Nawe uliye nyumbani na mgonjwa wa ini, ukimwona macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji na maneno yanapotea, mpeleke hospitali usiku huohuo. Kisomo kitamfuata wodini.