Mtoto Akizidiwa: Msaada kwa Familia za Wakimbizi na Watoto Wagonjwa Unavyofika Turkana

Katika kaunti yetu ya Turkana, mtoto aliye mgonjwa mahututi anaweza kuwa wa familia ya wakimbizi kutoka kambi ya Kakuma au makazi ya Kalobeyei, na vilevile anaweza kuwa wa mwenyeji wa Loima, Kibish au Turkana Kusini. Vitambulisho vya wazazi wao si sawa, na mifuko inayowalipia si mmoja. Hata hivyo, ugonjwa ukizidi wote wawili hujikuta katika barabara ile ile ya kuelekea Lodwar, na baadhi yao Eldoret. Swali linaloulizwa mara nyingi barazani ni hili: nani hulipa nini, na mkazi mwenye shilingi mia mbili za kusaidia azipeleke wapi?

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili watoto na vijana waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan. Kalobeyei ilifunguliwa mwaka 2016, na tangu mwanzo ilipangwa kuwa mahali ambapo wakimbizi na wenyeji wangetumia shule, vituo vya afya na masoko pamoja. Leo maeneo hayo mawili yana takriban watu 300,000. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 iliongeza uzito wa mpango huo wa kuishi pamoja, ndiyo maana katika zahanati nyingi za Turkana Magharibi utakuta mama Mturkana na mama kutoka Sudan Kusini au Burundi wameketi benchi moja.

Chakula kwanza

Ugonjwa wa mtoto hauanzii hospitalini. Mara nyingi huanzia kwenye sufuria. Familia za wakimbizi hupata msaada wa chakula kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, na tangu mwaka 2015 sehemu ya msaada huo hutolewa kwa njia ya simu kupitia Bamba Chakula. Familia hupokea thamani fulani ya pesa, kisha hununua chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, wakiwemo wenyeji. Kwa hiyo mgao ukipunguzwa, pigo halimfikii mkimbizi peke yake. Mwenye duka la Kakuma mjini analiona, na mchungaji anayeleta mbuzi sokoni analiona pia.

Katikati ya mwaka 2025, ufadhili kutoka nje ulipopungua, mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Familia ziliishi kwa mkopo wa dukani, na si jambo geni kadi ya msaada kuachwa kwa mwenye duka kama dhamana ya deni. Katika hali hiyo anayedhoofika kwanza ni mtoto wa chini ya miaka mitano.

Kipimo chake ni utepe mdogo unaozungushwa katikati ya mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kijani ni kuanzia sentimita 12.5, manjano ni kati ya 11.5 na 12.5, na nyekundu ni chini ya 11.5. Nyekundu maana yake ni utapiamlo mkali. Alama nyingine ni uvimbe wa miguu yote miwili: bonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, na kishimo kikibaki, mpeleke mtoto kituoni siku hiyo hiyo hata kama utepe unaonyesha kijani. Wahudumu wa afya wa jamii, wale tunaowaita CHP, hupima bila malipo, na mama yeyote anaweza kufundishwa kumpima mwanawe nyumbani.

Mtoto ambaye bado ana hamu ya kula hutibiwa akiwa nyumbani kwa ule uji mzito wa karanga wa pakiti. Kila pakiti ina gramu 92 na takriban kalori 500. Asiyeweza kula, mwenye homa kali au anayetapika kila kitu, hulazwa. Neno moja kwa wafanyabiashara: pakiti hizo ni dawa ya mtoto fulani aliyeandikishwa kituoni. Ukizikuta zikiuzwa dukani, jua kuna mtoto mahali fulani anayekosa dozi yake.

Rufaa, na hesabu ngumu

Kwa magonjwa ya kawaida, vituo vya kambini na vya kaunti huhudumia wakimbizi na wenyeji. Mambo hubadilika mtoto anapohitaji daktari bingwa. Mwenyeji hupewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar, na bili yake hutegemea usajili wa familia katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Huduma za zahanati na vituo vya afya hulipwa na mfuko wa huduma za msingi, mradi umesajiliwa. Huduma za kulazwa na upasuaji zinahitaji mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hujibu maswali ya kupima uwezo wa kaya yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au kwa msaada wa CHP. Ushauri wetu ni ufanye hivyo mtoto akiwa mzima, kwa kuwa mzazi anayeanza kujisajili akiwa kwenye korido ya wodi hupoteza siku ambazo mtoto hana.

Kwa mkimbizi, rufaa ya nje ya kambi kwa kawaida hupitia kamati ya madaktari inayofuata mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Kamati hutazama mambo mawili makubwa: mtoto ana nafasi gani ya kupona, na matibabu yatagharimu kiasi gani. Mtoto anayehitaji upasuaji wa dharura hupita haraka. Mwenye saratani iliyokwisha kuenea, au figo zilizokwama kabisa, anaweza kukataliwa, kwa sababu pesa za kumtibu yeye kwa mwaka zingetosha wengine kadhaa. Hiyo ni hesabu chungu, na daktari anayeifanya hailali nayo vizuri. Ni vyema mzazi aijue mapema, asije akadhani amebaguliwa kwa ajili ya kabila lake. Kukataliwa na kamati si mwisho wa safari pia. Omba ripoti ya daktari kwa maandishi, yenye jina la ugonjwa na matibabu yanayopendekezwa, kwa kuwa bila karatasi hiyo hakuna hospitali ya hisani itakayoanza kukusikiliza. Kumbuka pia kwamba mkimbizi anahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi. Kiombwe siku ile ile rufaa inapoandikwa.

Hospitali zinazoishi kwa michango

Kenya ina historia ndefu ya matibabu ya watoto yanayolipiwa na wahisani. Huko Eldoret, Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa, iliyo ndani ya Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ilijengwa kwa michango ya wakimbiaji na marafiki zao, ikafunguliwa mwaka 2015. Ndiyo iliyo karibu zaidi na sisi kwa magonjwa mazito ya watoto. Nairobi, mbio za Mater Heart Run zimekuwa zikichangisha tangu miaka ya 1990 pesa za kupasua mioyo ya watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Kijabe, BethanyKids hushughulikia watoto waliozaliwa na kasoro za uti wa mgongo na wenye maji kichwani. Nasi hapa tuna kumbukumbu yetu: hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, ilikuwa ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikiwatibu majeruhi wa vita vya Sudan, kabla ya kukabidhiwa Serikali mwaka 2006.

Hebu tukae kidogo kwenye maji kichwani, maana huu ni ugonjwa ambao kuchelewa ndiko kunakoharibu. Kichwa cha mtoto mchanga hukua upesi kupita kiasi, utosi hutuna, mtoto hutapika, na macho huelekea chini kana kwamba yanazama. Wapo wanaosema ni laana, mtoto akafichwa ndani ya nyumba miezi sita. Ni maji ya kawaida ya ubongo yaliyokosa njia ya kutoka, na upasuaji huweza kuyafungulia njia. Akifikishwa mapema, mtoto anaweza kukua na kwenda shule. Akicheleweshwa, ubongo uliokwisha kubanwa haurudi ulivyokuwa. Mdomo wa sungura na nyayo zilizopinda navyo hutibika, na mara nyingi familia hailipi gharama ya upasuaji wenyewe. Kinachowakwamisha wengi ni nauli, na chakula cha mama kwa wiki anazokaa wodini.

Ukitaka kuchangia

Hapo ndipo shilingi mia mbili zako zinapofanya kazi. Mashirika makubwa hulipia upasuaji, lakini mara chache hukumbuka nauli ya matatu kutoka Lodwar hadi Kitale, sabuni, au ndugu wa mgonjwa aliyebaki nyumbani na watoto wengine wanne.

Tuma pesa kwa akaunti ya hospitali ukitumia nambari ya mgonjwa kila inapowezekana, kuliko kwa simu ya mtu usiyemjua. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye simu. Picha ya mtoto mgonjwa inayozunguka WhatsApp huenda ni ya miaka mitano iliyopita, na mtoto wa nchi nyingine. Piga simu hospitalini uulize ofisi ya maslahi ya jamii kama mgonjwa yupo. Anayechangisha barabarani au nyumba kwa nyumba anahitaji kibali chini ya Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, nawe una haki ya kukiona. Mashirika ya hisani nayo husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 14, 2024. Na tafadhali, usimpige picha mtoto akiwa uchi au amelala na mipira puani ili uvute huruma. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inalinda faragha yake, awe mkimbizi au mwenyeji.

Kuna vitu tunavyoomba visiletwe. Dawa zilizobaki nyumbani hazipokelewi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga nayo yasigawanywe kambini wala vijijini: sheria ya mwaka 2012 inadhibiti utoaji wake, na kwa sababu nzuri, kwa kuwa maji machafu katika chupa huua mtoto kuliko njaa ya siku moja.

Kitu kinachohitajika kila wiki, nacho hakinunuliwi, ni damu. Mtoto mwenye malaria kali au selimundu anaweza kuhitaji kuongezewa damu usiku huo huo, na gari la kuileta kutoka mbali halifiki kwa wakati. Mtu mwenye afya njema, wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa, awe na kitambulisho cha Kenya au cha mkimbizi. Uliza maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar, siku za kutoa damu. Kula kabla ya kwenda, na unywe maji ya kutosha, hasa katika jua letu hili.