Ukiitwa kuhojiwa kuhusu mkopo, nenda na daftari

Wadau, swali hili linakuja sana inboksi: "Kikundi chetu kimeitwa kuhojiwa kuhusu mkopo wa halmashauri. Niende na karatasi, au wataniona sijui biashara yangu?"

Nenda nayo. Ila usiisome kama risala.

Tunazungumzia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Haina riba, ndiyo maana wanaoitaka ni wengi. Anayekuhoji anataka kujua jambo moja kubwa: hii hela itarudi?

Hilo hulijibu kwa maneno matamu. Unalijibu kwa hesabu, na hesabu zinapotea kichwani ukikaa mbele ya watu watano wanaokutazama.

Mimi nauza dagaa kwa WhatsApp na Instagram. Mzigo nachukua Mwaloni Kirumba, natuma Dar kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi. Tulipohojiwa, daftari langu lilikuwa na ukurasa mmoja tu. Na wewe weka haya:

1. Hesabu ya bidhaa moja. Tuseme paketi moja: dagaa 3,000, kifungashio 300, nauli 400, makato ya simu 100. Jumla 3,800. Unauza 5,000, faida 1,200.

2. Marejesho yamegeuzwa kuwa bidhaa. Mkopo wa milioni 3 kwa miezi 12 ni 250,000 kwa mwezi. Gawa kwa 1,200: ni kama paketi 209. Mkiwa watano, kila mtu auze 42 kwa mwezi. Hapo anayekuhoji anaona kitu. Na ninyi wenyewe mnajua kama mnaweza au mnajidanganya, maana hiyo 1,200 yote inaenda kwenye deni. Ya kula lazima itoke kwenye paketi za juu ya hizo.

3. Mauzo ya miezi mitatu iliyopita, hata kama ni madogo. Usipambe.

4. Hatari na dawa yake. Sisi tuliulizwa: "Mbalamwezi ikiwaka, marejesho mtatoa wapi?" Swali zuri. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi inapumzika na bei inapanda. Nikasema, "Naomba niangalie daftari, mama, nisikosee tarakimu." Nikamtajia akiba tunayonunua wakati wa giza na siku inazotuvusha. Hakuna aliyekasirika. Aliandika.

5. Maswali yako. Pesa inaingia lini? Marejesho yanaanza mwezi gani? Mmoja akihama kikundi, deni lake linabebwa na nani? Majibu yaandike hapohapo.

Sasa namna ya kulitumia. Omba ruhusa kwanza. Ukikatazwa, funga, kule kuandika tu kumeshakusaidia kukumbuka. Andika kwa herufi kubwa, maneno machache. Tumia daftari, siyo simu: ukiinamia simu utaonekana unachati. Jina lako, unachouza na wateja wako ni nani, hayo yatoke kichwani. Ukiyatafuta kwenye karatasi umejiharibia.

Na hili kubwa: kila mwanakikundi awe na tarakimu zilezile. Katibu akisema faida 1,200 na mweka hazina akasema 2,000, hata cheti cha usajili na katiba nzuri havitawaokoa.

Ukienda kuomba kazi dukani au kuongea na hoteli inayotaka mzigo wa kila wiki, mambo ni hayohayo: tarakimu na maswali kwenye daftari, biashara yako kichwani.

Leo jioni kaeni kikundi, muulizane haya maswali kwa zamu. Atakayekwama, mwandikieni. Mtumie mwenzako mwenye usaili wiki hii.