Kuiga si Kughushi

Katika mitaa ya Buguruni jijini Dar es Salaam, tokea pale Barabara ya Uhuru inapokutana na ile ya Mandela hadi vichochoro vya Malapa na Mnyamani, kazi ya kufuatisha kitu kilichokwisha kuwapo ni riziki ya watu wengi: kijana wa fotokopi hutoa nakala za vyeti, fundi wa kufuli huchonga ufunguo kwa kuufuata mwenziwe, na fundi cherehani hukata gauni huku akiitazama picha aliyoletewa ndani ya simu. Kila mmoja kati ya hao ana neno lake, na lugha yetu, ambayo aghlabu hushutumiwa kuwa ina uhaba wa istilahi, imekwisha kuyapambanua mambo haya tangu zamani. Lakini siku hizi maneno yote hayo yanaelekea kumezwa na mawili tu, kukopi na feki, na hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na kuiga, ambalo wenzetu wa Unguja na Mombasa husema pia kugeza. Kuiga ni tendo la kiumbe chenye uhai. Mtoto humwiga mamaye, kasuku huiga sauti ya mwenye nyumba, lakini hapana asemaye kwamba mashine imeiga cheti. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna juhudi ya mwenye kutenda, na matokeo ya juhudi hiyo hayalingani kabisa na asili, maana mwigaji hutia cha kwake, apende asipende. Ndiyo sababu huweza kusifiwa anayeiga mwenendo mwema, na huweza kulaumiwa anayeiga pasipo kujua kadiri ya nguvu zake. Methali inayomwonya amwigaye tembo kwamba atapasuka msamba haikatazi kuiga. Inakataza kuiga pasi na kujipima. Neno likinyambuliwa likawa kuigiza, hapo twaingia jukwaani, ambako mwigizaji na watazamaji wamekwisha kuafikiana tangu mwanzo kwamba anayelia hakufiwa na anayepigwa haumii, basi hakuna hila baina yao.

Kunakili ni jambo jingine kabisa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, na maana hiyo haijafa: mwenye kunakili ni kama hamali aliyekabidhiwa mzigo, ambaye sifa yake yote ni kuufikisha bila ya kupungua wala kuzidi. Tunao mfano mtukufu wa sifa hiyo katika Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mshairi na fundi wa kuchonga, ambaye kwa khati yake nzuri ya Kiarabu alinakili tendi na mashairi ya kale kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Na lau si mikono ya wanakili wa namna yake, sehemu kubwa ya fasihi ya pwani isingetufikia. Amana hiyo ingali hai hata katika ofisi zetu, ambako chini ya barua rasmi huandikwa “Nakala” na kufuatishwa majina ya wanaopelekewa, na ambako mwombaji wa kazi hutakiwa nakala ya cheti iliyothibitishwa na wakili, yaani mtu wa tatu mwenye kushuhudia kwamba hapana kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Jirani yake ni kunukuu, ambako ni kuyachukua maneno ya mwingine pamoja na jina la mwenyewe. Washairi wa zamani walikwenda mbali zaidi wakatunga takhmisa, yaani waliyachukua mashairi ya mtangulizi, wakatia vipande vitatu vyao juu ya viwili vyake hata ubeti ukatimia vitano, kama alivyofanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kwa shairi la Liyongo, mshairi wa kale. Hapana aliyewaita wezi, kwa sababu mwenye asili alitajwa na kuheshimiwa.

Sasa tufike kwenye hatia. Kughushi kwa Kiarabu ni kudanganya katika biashara, na Waislamu wengi wanaijua hadithi ya Mtume kumkemea muuza nafaka sokoni aliyeficha iliyolowa chini ya iliyo kavu. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Na hiyo nia ndiyo roho ya neno. Bandia, kinyume chake, halina hukumu ndani yake. Mtoto wa bandia humfurahisha msichana mdogo, meno ya bandia humwezesha mzee kutafuna, na hapana aliyedanganywa. Noti ya bandia ndiyo humfikisha mtu mahakamani, kwa kuwa imetolewa ili ipokewe kama ya haki.

Sheria nazo zimeyatenganisha makosa haya. Mwenye kubandika alama ya kampuni nyingine juu ya bidhaa yake, kisha akaiuza katika soko la Kariakoo, anakabiliwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo imfuatayo. Mwenye kuzalisha nyimbo au kitabu cha mtu bila idhini anakabiliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. Wenye kanga walilijua jambo hili mapema. Ndiyo maana kanga za Kaderdina wa Mombasa huandikwa “Mali ya Abdulla” kando ya msemo wa kanga yenyewe.

Wanafunzi nao wana kudesa, neno la vyuoni linalochanganya kusoma maandishi ya mwenzako, ambako ni halali, na kuyawasilisha kama yako, ambako ni wizi wa kitaaluma.

Sisemi kwamba maneno ya kigeni yafukuzwe. Kariakoo yenyewe ni utohozi wa jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo hakuna aionaye kuwa ngeni. Kopi na feki yakae, lakini yasikae peke yao. Nawasihi waandishi wa magazeti na maofisa watoao matangazo kwa umma: aliyetengeneza cheti cha uongo mwandikeni kuwa ameghushi, aliyetia alama ya mwingine semeni ameuza bidhaa bandia kwa hadaa, na fundi wa Buguruni aliyeutazama mshono akaushona kwa jasho lake, bila ya kujitwalia jina la mtu, msimwite muuza feki. Huyo ameiga, na kuiga si kosa.