Fundi, uza kitu, usiuze wazo lako

Mnyororo wa toleka, waya, vyuma vya saa iliyokufa: hapa Banalia tunavitupa. Kule Nairobi, Cyrus Kabiru anageuza takataka za namna hiyo kuwa miwani ya ajabu, na wakusanyaji wa sanaa wanainunua. Kinshasa, Freddy Tsimba anaunganisha maganda ya risasi kuwa sanamu.

Mununuzi wa namna hiyo analipia kitu kisicho na ndugu yake. Basi fundi, mbele ya kutoa kazi yako, piga picha, andika jina na mwaka juu yake, kisha mufanye karatasi mbili zenye saini. Iandikwe wazi kama umeuza kitu chenyewe, si ruhusa ya kukiiga. Sheria ya Congo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki ya mwenye kubuni. Lakini bila karatasi, utaonyesha nini?